Gofu la Kwa Mjerumani: Makumbusho, Makaburi au Mahali pa Kukutana?

Pa kuingilia hapana ubao wala bawaba. Ni uwazi tu, na juu yake kimelazwa kipande cha reli kushikilia mawe. Ndani utakuta kinyesi cha mbuzi, majina ya watoto wa shule yaliyoandikwa kwa mkaa, na mzizi wa mkuyu mnene kama paja la mtu mzima uliopenya ukutani ukasukuma mawe mawili nje. Ndipo tunapopaita Kwa Mjerumani: tambarare ya chini ya Moshi, upande wa Kahe, hatua chache kutoka njia ya treni. Kila mtu kijijini anapajua. Mawe ya ukuta wa magharibi hayapo tena. Ukiyataka, kachungulie banda la nguruwe la jirani.

Desemba iliyopita, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu, mtu mmoja alisimama mkutanoni akasema hapa palipita vita na sisi tumepafanya choo, pafanywe ukumbusho. Mikono yote ikanyooshwa. Shida ilikuja mwenyekiti alipouliza: ukumbusho wa namna gani? Vijana wakataka makumbusho yenye kiingilio, watalii wanaoshukia uwanja wa ndege wa KIA wapitie. Kina mama wa jumuiya wakataka uzio, maua na msalaba. Wazee wakataka siku maalumu: watu wakutane, wasimulie, wapate kitu cha kunywa, watawanyike. Mimi kwa kuwa nafanya kazi Arusha na nina pikipiki, nikatumwa nizunguke nione wenzetu walifanyaje. Nimekwenda sehemu tatu, na haya ndiyo niliyowapelekea kamati. Nayaweka hapa kwa sababu najua vijiji vingi kuanzia Longido mpaka Same vina gofu la namna hii na ugomvi wa namna hii.

Vita vyenyewe

Bila kuelewana hapa, hakuna njia itakayofaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walivuka wakaiteka Taveta, na kwa mwaka mmoja na nusu Moshi ikawa mgongo wa jeshi lao. Reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi 1911, ndiyo iliyowaletea chakula na risasi. Upande wa pili Waingereza nao wakavuta reli yao kutoka Voi kupita Taveta. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likashuka: vilima vya Latema na Reata tarehe 11 na 12, Moshi tarehe 13, kisha Kahe mpaka tarehe 21. Wajerumani walipoona wanazingirwa, walilipua daraja la reli na kuharibu mzinga wao mkubwa, uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyozamia Rufiji, wakarudi nyuma kuelekea kusini. Hawakusalimu amri mpaka Novemba 1918.

Hayo ni ya majenerali. Nyuma ya kila askari mwenye bunduki walitembea watu wasio na bunduki, wamebeba unga, risasi, mahema na vipande vya mizinga vichwani. Hao ndio wapagazi, "Carrier Corps" kwa Kiingereza, na jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetoka kwao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa zaidi kuliko risasi. Kwenye Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimikwa 1927, wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono, sawa. Majina yao hayapo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliachwa bila kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nilipoisoma sehemu hiyo mbele ya kamati, mzee mmoja aliyepigana Kagera akaniuliza, "Na sisi je, mwanangu? Au mpaka tufe miaka mia?" Ana hoja. Moshi yetu imo kwenye vita hivyo pia: Machi 1979, siku chache kabla ya Kampala kuanguka, Waganda waliompinga Idi Amin walikutana hapa mjini wakaunda serikali yao ya baadaye. Lakini waliokufa Kagera wana makaburi Kaboya, yana mistari na yanapigiwa saluti. Wapagazi hawana kitu. Nikamwambia mzee tutaacha nafasi ya jiwe la pili. Akanitazama kama mtu aliyewahi kuahidiwa mengi.

Njia ya Boma

Ukitoka Mnara wa Saa wa Arusha ukapanda Barabara ya Boma, mbele yako ni ngome nyeupe ya Wajerumani. Ilijengwa mwaka 1900 kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Ikawa ngome, ikawa ofisi za Mwingereza, na tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Hakuna jengo la umri ule mjini lililotunzwa kama lile. Paa zima, bustani imefyekwa, watoto wa shule wanaingia kwa foleni.

Ila kaa pale saa nzima usikilize watu wanapotoka. Wanazungumzia nyayo za Laetoli, fuvu la Olduvai, ndege na wadudu. Ni mambo mazuri, na mimi mwenyewe nilisimama mbele ya zile nyayo mpaka mlinzi akakohoa. Lakini kumbukumbu ya aliyebeba mawe ya ukuta ule imemezwa na jukumu jipya la jengo. Makumbusho ni lazima yalishe watu: mishahara, umeme, mlinzi wa usiku, kabati za vioo. Ili yajilishe, yanaonyesha kile mgeni anachokuja kukiona.

Vijana wetu walipenda sana njia hii. Niliwauliza swali moja: tutaweka nini ndani? Hatuna bunduki, hatuna kofia ya askari. Tuna maganda mawili ya risasi ambayo mama mmoja anayatumia kuzibia chupa za mafuta ya taa. Na gofu letu limo ndani ya eneo la hifadhi ya reli. Ukijenga paa na kibanda cha tiketi bila ruhusa ya Shirika la Reli, siku moja utakuta umepigwa X nyekundu.

Njia ya Boma inafaa pale penye jengo zima, serikali nyuma yake, na barabara ya lami mlangoni. Kwa kijiji chetu niliikataa mapema, na siombi radhi.

Njia ya Tengeru

Hii ilinigusa nisivyotarajia. Ukifika Tengeru unaingia eneo la chuo cha mifugo, unapita mabanda na miti, halafu unakuta ukuta na geti, na ndani yake makaburi ya Wapolandi yapatayo 150.

Hawa hawakuwa wanajeshi. Mwaka 1940 Wasovieti waliwang'oa makwao mashariki mwa Poland wakawapeleka Siberia na Asia ya Kati. Waliopona wakatolewa kupitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, ikapokea kiasi cha watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wakajenga vibanda vya mviringo vya makuti, shule, hospitali na kanisa. Miaka kumi baadaye kambi ilikuwa imefungwa, watu wametawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Vibanda vikaliwa na mchwa. Makaburi yakabaki.

Yamebaki kwa nini? Kwanza, kila moja lina jina. Majina yenyewe yanaumiza ulimi, lakini unasimama, unajaribu kusoma, unahesabu miaka aliyoishi huyu, unagundua alikuwa mtoto. Jiwe lenye jina linakulazimisha usimame. Pili, yana uzio, na Mwafrika yeyote anajua ukiona makaburi yamezungushiwa uzio hufungi mbuzi wako hapo. Tatu, lazima niseme wazi: Poland inayakumbuka. Serikali yake inatoa fedha za matunzo, mtunzaji yupo, na wageni wanakuja kutoka huko wakitafuta bibi zao.

Hapo ndipo njia hii inapotukwama. Mpagazi wetu nchi yake ni hii hii, na ubalozi wake ni mwenyekiti wa kijiji. Nani atamlipa mtunzaji mwezi wa nne, mwezi wa tano?

Kina mama walionituma nitazame maua waliniuliza kuhusu msalaba. Niliwajibu tusiweke. Waliopita na mizigo hapa walikuwa Wakristo, Waislamu na watu wa dini za mababu, na hata Tengeru kwenyewe Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi wamelala ndani ya ukuta mmoja. Badala ya msalaba, mama mmoja akasema tupande isale kuzunguka gofu lote. Sijui kwa nini sikuliwaza mimi. Isale ndilo jani la mpaka, la kaburi na la kuomba radhi. Mtu wa huku akiliona hahitaji kibao cha "Usiingize Mifugo". Halihitaji fundi, na likishika limeshika.

Njia ya Tsudunyi

Kwa Old Moshi unapandia Kiboriloni, unaiacha harufu ya mitumba na samaki, unapanda migombani mpaka hewa inabadilika. Tsudunyi ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake, jumla 19, akiwemo Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, na wengine kutoka Arusha na Meru. (Siku hizi ukisema "Mangi" hapa mjini mtu anadhani unamwita muuza duka. Ni cheo kilichoshuka, ila sukari kinauza.) Miaka minane kabla, Juni 1892, jeshi la Meli lilikuwa limewapiga Wajerumani hawa hawa na kumuua kamanda wao, von Bülow. Hawakumsamehe.

Pale hakuna jengo la kutisha. Kuna mti, kuna kumbukumbu iliyojengwa karibu yake, kuna sanamu. Zaidi ya vyote kuna tarehe. Kila 2 Machi watu wanakutana. Ukoo wa Meli unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakitafuta. Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu kadhaa yaliyokuwa kwenye makusanyo yao na familia za huku: ukoo wa Molelia, na ukoo wa akida mmoja aliyekuwa mshauri wa Meli. Isingekuwa watu wanaokaa chini ya mti ule na kulitaja jambo lile mwaka hadi mwaka, nani angejua pa kwenda kuchukua mate ya kupima?

Nilimkuta pale mzee mmoja anafagia majani. Nikamuuliza analipwa na nani. Akashangaa kidogo. "Kwani kihamba chako kinafagiwa na nani?"

Nilirudi na swali hilo Kahe. Mchaga anazikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na Desemba watoto wakirudi wanaonyeshwa: hapa babu, hapa bibi. Aliyekwenda kubeba mizigo ya Mzungu akafia njiani hana kihamba cha kulala. Wenzetu Wakahe na Wapare wa tambarare nao wana desturi zao, ila hakuna kabila hapa linaloona sawa mtu azikwe na jina lake lipotee. Gofu linaweza kuwa kihamba chao, ndivyo nilivyolieleza mkutanoni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikatiza.

Njia ya Tsudunyi ina udhaifu wake. Inategemea ukoo wenye uchungu. Meli ana wajukuu. Wapagazi wetu wametawanyika katika koo arobaini, na jambo la wote huishia kuwa la hakuna mtu. Halafu mkusanyiko wa kila mwaka unavutia wanasiasa kama taa inavyovuta kumbikumbi. Mwaka wa kwanza watasimulia wazee, mwaka wa tatu mzee atapewa dakika mbili baada ya hotuba tano.

Zikisimama bega kwa bega

Kwa ufunguo: Boma linafungwa na mtu wa serikali, Tengeru na mtunzaji anayelipwa, Tsudunyi haina mlango. Kwetu mlango uliibiwa zamani, kwa hiyo jibu limeshatolewa.

Kwa maneno: Boma linaeleza mengi na vita inapotea humo ndani. Tengeru haielezi chochote ila majina, na majina yanatosha. Tsudunyi inaeleza kwa mdomo, vizuri sana, mradi msimulizi yu hai.

Kwa mvua ya masika: hapa naomba nikae kidogo, maana fundi wetu wa kwanza alitazama akasema, "Mifuko kumi ya simenti, plasta nje na ndani, mnasahau." Msimkubalie fundi huyo popote mlipo. Ukuta wa zamani umeungwa kwa chokaa. Mvua ikinyesha unanywa maji, jua likitoka unayatoa. Ukiuvika simenti, maji yanaingia kwenye nyufa na hayana pa kutokea. Chokaa ya ndani inageuka unga, na baada ya masika kadhaa plasta inabanduka na mawe yake. Tumieni chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliochekechwa, jazeni viungo tu, msipake uso wa mawe, kisha funikeni kwa magunia yaliyolowa siku kadhaa isikauke kwa pupa. Mkuyu nao msiung'oe; mzizi mnene ukivutwa unaondoka na ukuta. Ukate shinani, uuache ukauke, halafu utoe kipande kimoja kimoja huku mkirudisha mawe. Na msijenge upya ukuta ulioanguka ili upendeze. Gofu liwe gofu lililosimama imara, basi.

Kwa sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa kuhifadhiwa kupitia Gazeti la Serikali. Baadhi ya wajumbe walitaka tuanze hapo. Faida ni kwamba mtu hawezi kuja na tingatinga asubuhi moja. Gharama yake ni kwamba hata ninyi hamtagusa jiwe bila kibali. Mimi ningeanza na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, barua kwa Shirika la Reli, na nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale. Tangazo likija baadaye, lije.

Nilichopendekeza

Tuchukue jina kutoka Tengeru na tarehe kutoka Tsudunyi, na Boma tuliachie mji.

Majina ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya chokaa, kwa sababu mawe yanaweza kungoja mwaka na mzee wa miaka tisini hawezi. Tumenunua daftari gumu la kurasa mia mbili. Kila kaya inaulizwa: kuna mtu wenu alikwenda na vita vya Wajerumani hakurudi? Bibi mmoja alimtaja kaka wa baba yake, akasita, akasema jina lingine la utani alilopewa kwa sababu alikuwa mrefu. Tumeandika yote mawili. Mpaka sasa tuna majina kumi na moja. Kila jina linaandikwa na aliyelisema na siku aliyolisema, na lisilokubaliwa na ukoo haliendi kwenye jiwe.

Kibao kitakuwa kimoja, cha Kiswahili, kifupi. Kitataja Machi 1916, wapagazi, na majina. Gofu lilikuwa ghala la risasi au kituo cha maji ya treni, wazee wanabishana mpaka leo, na ubishi huo hautaandikwa kwenye jiwe.

Tarehe iliwachukua muda mrefu kuliko vitu vyote. Mimi nilitaka 21 Machi, siku Kahe ilipoanguka. Wazee wakacheka: Machi utakuja na nani? Mvua zinaanza, watu wapo Dar, wapo Mwanza, wapo makazini. Imewekwa 27 Desemba, watoto wapo nyumbani, mbege ipo, na sherehe za harusi hazijaanza kugombea viti. Kihistoria haina maana yoyote. Nimekubali. Hotuba ya kiongozi ni dakika tatu, na mzee wa Kagera amejitolea kushika saa.

Koo zitapokezana kufagia, mwezi kwa mwezi, orodha itabandikwa dukani. Duka la Mangi, ndiyo.

Limebaki suala la ukuta wa magharibi. Jirani amekubali kurudisha mawe yote, hata yale ya msingi wa banda, kwa sharti tumpe matofali mia mbili ya kuchoma na mtu wa kumsaidia kuhamisha nguruwe. Matofali tunayo mia na hamsini.